Ugonjwa wa Pijo ya Mama Jalia

Tahiru aliisikia gari kabla ya kuiona, na moyo wake ukachangamka. Ilikuwa inakohoa. Kwa watu wengine wa Arua, gari inayokohoa katikati ya barabara ni kero tupu. Kwa Tahiru, ambaye ufundi wake wote ulikuwa katika ovaroli aliyovaa, hiyo ilikuwa riziki inayokuja yenyewe hadi mlangoni.

Ilikuwa Pijo nyeupe ya mwaka sitini na nane, imesuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Ikatikisika mara tatu mbele ya kibanda chake, ikazima. Akashuka mama mnene mwenye mtandio wa kijani na mkoba mdogo kwapani. Alijitambulisha kuwa ni Mama Jalia, mjane wa sajenti, na akaeleza kwa upole kwamba mambo ya injini alikuwa akiyajua marehemu. Yeye kazi yake ni kuwabeba mabibi harusi, basi.

Hapo Tahiru akamkumbuka Étienne. Étienne alikuwa Mkongomani muuza vitenge kule Koboko, na kwa miezi mingi alikuwa akitafuta Pijo ya zamani kwa udi na uvumba. Alishasema mbele ya watu kwamba yuko tayari kutoa pikapu yake, tena nzima, kwa yeyote atakayemletea Pijo inayotembea. Tahiru aliota ile pikapu usiku na mchana. Sasa Pijo imekuja kuzimikia miguuni pake, na mwenyewe ni mjane asiyejua plagi ni nini. Jamani, mtu afanye nini? Amsaidie?

Akafungua boneti na kuanza kuhubiri. Alihubiri kwa robo saa nzima juu ya pistoni, moto, mafuta na hatari zake, na huku akiongea, kwa mazoea tu, akachomoa plagi moja iliyokuwa nyeusi, akaifuta kwenye ovaroli na kuirudisha. Kisha akamwomba mama awashe. Injini ikashika mara moja na kunguruma vizuri ajabu. Tahiru nusura acheke. Kumbe plagi chafu tu! Haraka, kabla mama hajafurahi, akachomoa waya wa plagi kwa kitambaa, na gari nzima ikaanza kutetemeka kwa homa.

"Umesikia hiyo, Hajati?" Mama Jalia hakuwahi kufika Maka, lakini hakukikataa cheo. "Injini imepasuka ndani. Hii sasa kazi yake iko moja tu, kuku kutagia mayai."

Mama Jalia akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Aliuliza kama fundi ana hakika, na baada ya muda akauliza tena. Tahiru akaapa kwa kaburi la babu yake, mzee ambaye wakati huo huo alikuwa sokoni akinywa chai.

Basi, kwa huruma, akajitolea kuichukua hiyo maiti. Hakuwa na pesa, alikuwa na boda yake, pikipiki ya kubebea abiria. Ile boda ndiyo iliyolisha nyumba yake, na alikuwa ameilipia kwa miaka miwili mpaka ikawa yake kabisa. Akaiweka yote mezani, na helmeti juu yake. Kwa kuwa huku kwetu hata mbuzi habadilishi mikono bila karatasi, wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Tahiru mwenyewe ndiye aliyetaja maneno ya kuandikwa, ili mama asije akabadilisha nia kesho: gari bovu, injini imepasuka, kwa ushahidi wa fundi. Akatia saini, muhuri ukagongwa.

Alipofika nyuma ya soko akarudisha waya, gari ikanguruma, naye akashika barabara ya Koboko akiwapungia mkono hata watu asiowajua.

Mbele kidogo ya mji, gari ikakosa nguvu na kuzima. Akakagua plagi zote, zikatoa moto safi. Akawasha, ikawaka. Ikazima tena. Akafungua kabureta, akaipuliza mpaka mashavu yakamuuma, ikawaka. Ikazima. Akasafisha pampu ya mafuta. Kila alipogusa kitu gari iliwaka, naye akajisifu, na kila alipokwisha kujisifu ilizima. Kufika Dranya, katikati ya mashamba ya mihogo, alikuwa mweusi mpaka masikioni. Akampigia simu Étienne amfuate hapo hapo.

Étienne alikuja na pikapu. Akazunguka Pijo, akaipapasa, akaomba kuiendesha. Ikaenda kama mita mia tatu, ikakohoa, ikazima. Étienne akashuka. Akaomba karatasi ya gari. Tahiru akaitoa haraka, maana muhuri unatuliza watu. Étienne akaisoma polepole, kidole chake kikitembea chini ya kila neno.

"Wee mutu," akasema, "unaniletea maiti, tena na cheti yake ya kifo?"

Akapanda pikapu yake, akaondoka nayo. Tahiru akaitazama mpaka ikapotea. Aliona uchungu wa kweli. Kisha akaweka sikio juu ya injini, akasikiliza, na naapa alisikia ufa. Uongo wake mwenyewe ulikuwa umemwingia.

Jua lilipoanza kushuka akasikia mlio anaoujua. Ilikuwa boda yake. Aliyeiendesha alikuwa Sumayah, mpwa wa Mama Jalia, na nyuma mama mwenyewe amekaa upande, kuku wawili mapajani. Walikuwa wanaenda harusini Koboko. Tahiru akamshika mama mkono, akamsihi warudishiane.

"Mwanangu, boda iko nzima. Injini ya kupasuka nipeleke wapi?" Mama Jalia akafikiri. "Lakini kuku zangu za nyumbani zinatafuta mahali ya kutagia. Chukua hizi mbili, niachie gari."

Tahiru akaitazama barabara. Vijana wawili walishaanza kuchungulia magurudumu ya Pijo, na akiiacha pale, asubuhi angekuta mifupa. Akaandika nyuma ya karatasi ile ile kwamba gari ni ya mama tena, akatia saini.

Mama Jalia akafungua mkoba, akatoa waya wenye ndoano. Akafungua tangi, akavua humo kipande cha kaveera, mfuko wa plastiki, kama kile wanachofungia chupa za petroli barabarani. Akamwonyesha na kumweleza. Injini ikivuta mafuta, kaveera hunata kwenye mdomo wa bomba, gari inakosa petroli. Ikipumzika robo saa, kaveera inaelea, gari inawaka. Ungeihubiria tu, ingepona.

"Marehemu alikuwa akisema, gari ikikosa nguvu anza na tangi," akasema. "Lakini nyinyi mafundi munapenda boneti. Wewe iko wa tano."

Akaikunja ile kaveera vizuri, akairudisha mkobani. Pijo ikawaka na kwenda zake Koboko bila kukohoa hata mara moja.

Sumayah alikubali kumrudisha Tahiru Arua kabla ya kwenda harusini. Walipofika kibandani akazima boda na kunyoosha mkono. Tahiru akauliza ni nini tena. Sumayah akamjibu kwa adabu kwamba hii iko boda, haipandwi bure.

Tahiru akampa kuku mmoja. Yule aliyebaki alitaga kesho yake, ndani ya boksi la spana.