Mzamio wa Wanaoanza, Tanga, Saa Saba Kamili

Jumatatu, 8 Agosti 1955. Tengeru.

Nimeipata! Miwani ya kuzamia, kioo na mpira, kwenye mnada wa mlowezi wa Nduruma anayerudi kwao. Hakuna aliyeshindana nami. Wajinga! Nimeivaa njia nzima hadi nyumbani.

Ndesanjo, fundi baiskeli, akauliza mbele ya watu kama chama chetu cha ushirika sasa kinapima kahawa chini ya maji. Wakacheka. Mimi, karani wa mizani, nichekwe na mtu mwenye grisi hadi masikioni! Nikatangaza papo hapo: Jumamosi tarehe 20 nitaongoza mzamio Tanga. Wa wanaoanza. Tunaingia kwa miguu kutoka ufukweni, bila mtumbwi, bila woga. Saa saba kamili mchana.

Sikujua nitasema hivyo hadi nilipomaliza kusema. Basi. Nimesema.

Kuogelea sijui bado. Bahari nimeiona mara moja, wakati wa vita, kutoka melini, nikitapika.

Alhamisi, 11 Agosti.

Wawili wamejiandikisha. Mwalimu Hanna wa shule ya misheni, na Aminieli, mwimba besi wa kwaya, kifua kama pipa. Nimewachorea ramani. Hanna akauliza kina cha maji. Nikasema kidogo, halafu kingi. Akaandika.

Ndesanjo akaja bila kualikwa. Alifanya kazi gatini Tanga miaka minne na haachi kutukumbusha. "Karani," akasema, "siku hiyo mwezi ni mchanga. Saa saba maji yatakuwa yametoka. Zamieni jioni." Nikamwuliza yametoka yamekwenda wapi. Akasema yanatoka tu, halafu yanarudi. Nikamjibu kwamba ziwa letu la Duluti halijatoka hata siku moja tangu enzi za babu yangu, nalo ni dogo. Sembuse bahari! Aminieli akacheka. Hanna hakucheka. Aliandika tena. Sikupenda.

Jumamosi, 13 Agosti.

Mazoezi Duluti. Jambo la kwanza: mwili hauzami! Hakuna aliyenionya. Nikafunga kiunoni mawe mawili ya mizani ya chama. Hapo nilizama vizuri sana. Duluti ni hatua mbili, halafu shimo. Nikaona kijani, halafu nyeusi, halafu marehemu mama, ambaye alionekana amekasirika.

Mke wangu Tabea alikuwa ameshika kamba ya katani niliyojifunga. Yeye na Aminieli wakanivuta kama beberu. Mawe yakachomoka yakabaki chini.

"Baba Lydia," akasema huku natapika maji, "una watoto watatu."

Nikasema idadi naijua. Akaanza kulia. Nikampangusa machozi kwa shati langu, lililokuwa limelowa. Haikusaidia.

Kuhusu mawe, nitamwambia katibu wa chama nimeyapeleka kuoshwa. Miwani salama. Mazoezi yamefanikiwa.

Ijumaa, 19 Agosti. Ndani ya treni.

Ndesanjo yumo! Eti anakwenda kusalimia rafiki. Behewa zima lina nafasi, kaketi mbele yangu. Amewagawia wanafunzi wangu ndizi na nyama alizopikiwa na mkewe. Nimekataa. Zilinukia vizuri mno. Tabea amebaki nyumbani. Hakuniaga, alinifunga vifungo vya koti tu.

Jumamosi, 20 Agosti. Tanga.

Bahari haipo!

Saa saba kamili tulisimama ufukweni. Tope. Majani. Mitumbwi imelala ubavu. Maji ni mstari mwembamba kule mbali. Akina mama wanatembea mahali pa bahari wakiokota kombe, mmoja akatusalimu. Ndesanjo hakusema neno. Hilo ndilo lililoniudhi. Angesema!

Hanna akaniambia kwa upole, "Kaka Elisaria, tusubiri jioni." Nikamjibu kiongozi hasubiri maji, anayafuata. Nikavaa miwani, nikaenda. Peke yangu.

Nilitembea nusu saa. Nikakanyaga mdudu mweusi, miiba mwili mzima. Nikafika kwenye mwamba, maji ya magoti, nikalala kifudifudi. Na nikaona! Samaki wa manjano, mdogo kama kijiko, akaja mpaka kwenye kioo akanitazama. Nilimsahau Ndesanjo. Niliisahau mizani. Sijui nilikaa muda gani.

Nilipoinua kichwa, kati yangu na ufuko palikuwa na maji. Yamerudi kwa nyuma! Nikapanda juu ya mwamba. Yakafika kiunoni. Kifuani. Niliimba wimbo wa kanisani ili nisipige kelele. Halafu nikapiga kelele.

Ndesanjo akaja akiogelea, anasukuma mpira wa gurudumu la lori. "Shika mpira," akasema, "usinishike mimi!" Nikamshika yeye. Tukazama wote wawili. Akaniibua kwa ukosi, akanivuta mpaka mchangani, akinitukana kwa Kichaga njia nzima. Pale akakaa chini. Akasema alidhani amechelewa.

Nilitaka kumwambia asante. Nikamwambia nilikuwa karibu kumaliza.

Jioni maji yalijaa, yametulia. Hanna na Aminieli wakaingia nyuma ya Ndesanjo, wakipokezana miwani yangu, wakatoka wanacheka kama watoto. Mimi nilikuwa nang'olewa miiba na muuza kahawa. Kwenye taarifa nimeandika: mzamio umefanyika, chini ya usimamizi wangu.

Jumatatu, 22 Agosti. Tengeru.

Mguu umevimba. Tabea ananikanda kwa maji ya moto, kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Akauliza nimejifunza nini. Nikamwambia: kwamba bahari ya Tanga haina nidhamu. Nimemwandikia barua mkuu wa bandari.

Ndesanjo akapita kunijulia hali. Akasema nikitaka kwenda tena atafuatana nami. Nikamwambia nafasi ni za wanaoanza tu.

Desemba tutakwenda Pangani. Kosa letu lilikuwa ufuko! Ufukweni ndipo maji yanapomkimbilia mtu. Safari hii tutachukua mtumbwi hadi katikati kabisa, kwenye kina kirefu, turuke wote kwa pamoja. Kule maji hayana pa kwenda. Sita wameshajiandikisha. Kuogelea nitajifunza njiani.