Gunzi la Mahindi na Shuka Jeupe la Mzee Soka

Jumatatu, 13 Januari. Arua.

Chai bila sukari tena. Sijui Night huificha wapi. Mke wangu yuko kwao Koboko tangu Mwaka Mpya, na kosa si langu, ni la gari. Nililiegesha kivulini. Sikuona kwamba hapo chini mama mkwe alikuwa ameanika muhogo asubuhi, kabla kivuli hakijafika. Oili ikadondoka, muhogo ukawa mweusi, mama mkwe akaingia ndani akafunga mlango. Night akasema nitangulie nyumbani, yeye atakuja. Hajaja.

Leo baba mkwe, Mzee Soka, amepiga simu. Ni sajenti mstaafu, aliyeendesha malori ya jeshi, na simuni hupiga kelele utadhani yuko ng'ambo ya mto. Amri yake: niende Jumamosi, na gari lile lile. Atatandika shuka jeupe chini yake. Tukimaliza kula na shuka liko safi, nimchukue mke wangu. Likipata doa, Night atabaki Koboko mpaka, kwa maneno yake, "siku utakuwa na akili." Mbaya zaidi, Hakim atakuwepo! Hakim ni mwanyumba wangu, amemwoa Fatumah, dada yake Night. Gari lake linang'aa hata chini ya tumbo. Nimewahi kuinama nikatazama.

Nimeanza kazi papo hapo. Nikatandika boksi chini ya gari. Nikangoja, nikainama, nikainuka, nikainama tena. Tone! Linatoka kwenye mpira mnene uliochomoka juu ya injini, unaning'inia bila kazi. Kitu hakina kazi, tena kinavuja. Si kukiziba tu? Nimeokota gunzi la mahindi, nikalichonga kwa kisu, nikalishindilia kwa nyundo. Boksi kavu! Fundi wa nini? Nimejilaza kidogo kusherehekea, lakini usingizi haukuja.

Jumanne, 14.

Nimeendesha hadi sokoni na kurudi. Boksi limelowa! Si tone sasa, ni mchirizi. Nimelikagua gunzi. Liko imara, halina lawama. Basi kuna tundu jingine lililojificha likingoja zamu yake.

Hakim amepiga simu, eti kunisalimia. Anasema nisihangaike, gari lake lina nafasi, atamleta Night mwenyewe. Nimemjibu kwamba langu halijadondosha kitu tangu jana. Kisha nikatoka kulitazama. Nikarudi ndani. Nikatoka tena. Jirani yetu Helen ameuliza kutoka upande wa pili wa ua kama nimepoteza kitu. Nimemwambia nanyoosha mgongo.

Jumatano, 15.

Leo sayansi! Nimeiona kwenye simu. Unaosha injini kwa sabuni, unaiacha ikauke, unainyunyizia poda ya mtoto, unawasha, unatazama poda inalowa wapi. Poda sina. Unga wa muhogo ninao, ule Night alioletewa na shangazi yangu kutoka Logiri. Mweupe, laini kabisa. Nimenyunyiza bakuli zima, nikawasha.

Nilisahau feni.

Unga ukaruka ukatua kwenye nguo za Helen, na zilikuwa bado mbichi kwenye kamba. Uliobaki kwenye injini ukaiva. Gari zima likanuka mandazi, kuku wakaja mbio. Jibu la sayansi: linavuja kila mahali. Juu, ubavuni, hata kwenye stiki ya kupimia oili, ambayo imeruka nje yenyewe! Nimeirudisha. Imeruka tena. Nimeifunga kwa kamba.

Alasiri simu ikalia. Ujumbe wa Night! Wa kwanza tangu nirudi. Niliufungua papo hapo. Anauliza unga wake uko wapi. Helen huyo! Namba ya mke wangu aliipata wapi?

Alhamisi, 16.

Boliti zimelegea, basi. Nimezikaza zile za kifuniko cha juu cha injini. Nikaona bado. Nikakaza tena, kwa nguvu zote na hasira niliyo nayo kwa Hakim. Moja imekatika. Kichwa mkononi mwangu, mwili umebaki ndani. Nimeziba mahali hapo kwa sabuni ya mche, kama watu wanavyoziba tangi la petroli likitoboka njiani. Nimewasha. Sabuni imeyeyuka, ikachanganyika na oili, ikatoa povu. Helen ameniuliza kwa upole sana kama gari lina kifafa.

Nimekaa mlangoni. Ndara za Night ziko pale pale alipozivua. Nimezisogeza, nikazirudisha. Nina hamu naye, na nyumba hii bila yeye haikaliki. Nimeandika, basi.

Ijumaa, 17.

Nimepata! Nilikuwa nahangaika bure kuizuia oili. Nani alisema izuiwe? Iache ishuke, mradi isifike kwenye shuka. Ikamatwe njiani.

Nimekwenda kwa Constantino mwenye duka, nikaomba pampasi, saizi kubwa kuliko zote. Ameuliza mtoto ana umri gani. Nikafikiria gari langu, nikasema miaka ishirini na tisa. Amenitazama kwa huruma, akanipa pole, akaziweka kwenye mfuko mweusi ili watu wasione.

Pampasi peke yake hazishiki. Zinahitaji kufungwa na kitambaa kipana. Kwenye sanduku la Night nimechukua kitenge cha juu kabisa, cha buluu chenye ndege. Kilikuwa kimekunjwa kwa uangalifu mno, sijui kwa nini. Nimelifunga gari tumboni kama mtu anavyojifunga mkanda. Kesho nitamtazama Hakim usoni!

Jumamosi, 18. Koboko.

Mzee Soka alikuwa ananingoja uani. Uani pamefagiwa, shuka limetandikwa, kila pembe jiwe. Akakagua viatu vyangu kwanza, kisha ukosi wa shati. Halafu amri: endesha, polepole, simama! Nikasimama juu ya shuka. Hakim akachungulia chini, akainuka, akaonekana ana wasiwasi. Nilifurahi sana.

Tukakaa kula. Kwa desturi, mama mkwe hali chakula pamoja na mkwe wake wa kiume, kwa hiyo alikuwa jikoni na Fatumah na Night, na mlango wazi kuelekea gari. Kila nilipoinua tonge nilitazama shuka. Jeupe! Kisha nikatazama pampasi. Zilikuwa zimevimba. Zilikuwa zinashuka. Ningelala chini ya gari nikazikaza, lakini mkwe gani analala chini mbele ya mama mkwe, makalio nje? Sikuwa na njia. Nikakaa na tonge langu, nikiangalia kitenge kikilegea, huku Mzee akinihimiza niongeze nyama.

Pu! Pampasi, kitenge, oili, vyote katikati ya shuka.

Hakim ndiye aliyesema kwanza. "Hongera, shemeji! Ni mutoto wa kike ao wa kiume?"

Mzee Soka hakucheka. Alifungua boneti, akainama humo akinung'unika, akachomoa gunzi langu. Injini, nadhani, ilitoa pumzi. Akaliinua gunzi ili wote waone.

"Hii mutu ilifunga gari pua! Pumzi itatoka wapi? Iko nasukuma oili kila mahali!"

Akaurudisha ule mpira mnene mahali ulipochomoka, akaufunga kwa waya. Kuhusu boliti iliyokatika alisema maneno ya jeshi ambayo siwezi kuyaandika. Kisha akaniambia niondoke peke yangu, kwa sababu shuka ni shuka, na doa ni doa.

Hapo Night akatoka jikoni. Alikiinua kitenge kwa ncha mbili za vidole, kikidondosha oili. Akaniuliza kama ninakijua. Sikukijua. Akasema alikivaa siku nilipokuja kumposa, hapa hapa uani. Nilijua nimempoteza, na nilistahili. Nikamwambia hivyo, mbele ya Hakim. Nikasema nilitaka tu arudi.

Akanitazama. Akaitazama pampasi. Midomo ikaanza kumcheza, kisha akacheka mpaka akakaa chini, na jikoni nikasikia mama mkwe naye amepaliwa na kicheko.

"Baba, mimi narudi na huyu," alisema. "Nikimuacha, atavalisha nyumba yote pampasi."

Sharti moja. Nikaapa mbele ya Mzee Soka, mkono juu ya boneti, kwamba sitagusa injini tena maisha yangu yote. Boneti ilikuwa ya moto kwa jua. Sikuutoa mkono. Tumerudi Arua pamoja, na njiani halikudondoka hata tone. Hakim alitufuata nyuma mpaka Maracha, apate kuhakikisha.

Alhamisi, 23. Arua.

Nyumba imekuwa nyumba. Sukari ilikuwa kwenye kopo lililoandikwa chumvi. Helen amekaribia kunisamehe.

Lakini situlii. Waya wa Mzee Soka una kutu. Na yeye, kwa heshima zote, ni mtu wa malori. Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Wazo la kuziba lilikuwa sahihi. Gunzi ndilo lilikosea! Gunzi lina vinyweleo, linanyonya. Kilichotakiwa ni kitu kigumu kidogo, laini, kisichopitisha hata hewa.

Asubuhi Night amekwenda bombani. Niliapa kutogusa injini. Mpira si injini, ni mpira. Nimekata waya, nikauchomoa mpira, nikauziba kwa kizibo cha chupa yake ya chai. Kimeingia sawasawa! Kimekaa vizuri kuliko nilivyoota. Nimewasha gari na kukaa hapa kizingitini niandike wakati moyo bado una furaha.

Night amerudi. Yuko jikoni, anauliza nani ameona kizibo cha chupa, chai inapoa. Helen amesimama kwenye ua, simu sikioni, ananitazama. Night yuko hapa, sasa anampigia nani? Nimemsikia akisema, "Shikamoo, Mzee."

Stiki ya oili imeruka. Yenyewe! Naenda kutafuta kamba.