Malalamiko ya Mchimba Mitaro Dhidi ya Kinamasi Kilichorudi

Kijiji cha Sūnupe, Latvia
27 Juni

Ndugu Mhariri wa gazeti la wilaya,

Pokea salamu zangu, na ikiwezekana uzipokee ukiwa umekaa, maana haya si ya kusomwa kwa kusimama. Mimi ni Ilgvars Krūklītis, mwenye umri wa miaka sabini na mbili, dereva mstaafu wa mashine ya kuchimba mitaro katika lililokuwa shamba la ushirika la hapa kwetu. Nimesoma gazeti lako kwa miaka thelathini na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Hata mwaka juzi mlipochapisha picha ya kabichi ya jirani yangu Gundars, mkasema hakuna kubwa kuliko hiyo wilayani, nilinyamaza, ingawa nilikuwa na kabichi yangu na mizani. Leo nimeshindwa kunyamaza. Nakilalamikia kinamasi.

Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na miwili nilikabidhiwa mashine nikaambiwa, "Kinamasi kile, kikaushe." Nikakikausha. Nilichimba mitaro kumi na mmoja, maji yakaondoka bila kuaga, na mimi nikapewa cheti kilichoandikwa "Mkaushaji Hodari". Kiko juu ya jiko letu mpaka leo, ijapokuwa moshi umelila neno la pili. Ni kweli kwamba shamba tulilolitarajia lilizaa viazi vya ukubwa wa jicho la paka. Lakini mtaro haulaumiwi kwa sababu ya viazi.

Miaka minne iliyopita shemeji yangu Zigrīda, dada wa mke wangu, mwalimu wa jiografia aliyestaafu lakini hajaacha kufundisha, aliitisha mkutano wa kijiji. Akasema visima vinakauka, mboji ya kinamasi inapasuka kama kisigino cha mzee, na hakuna mtu atakayetoka Riga kuja kutuokoa. Basi tuzibe mitaro wenyewe. Watu wakakubali. Tangu siku hiyo kila Jumamosi kuna msaragambo. Wanakwenda na mbao, koleo, mkate mweusi na jibini, na wanaimba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Waliuziba Mtaro wa Saba. Mhariri, huo ndio mtaro wangu bora. Nilisimama ukingoni nikamwambia Zigrīda kwa upole, "Shemeji, huu ni mnyoofu hata ukilaza rula."

Akajibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo maana maji yanakimbia, shemeji. Ungeupinda kidogo yangepotea njia."

Watu walicheka. Naamini hata mke wangu Vizma alicheka, lakini siwezi kuapa, kwa kuwa alikuwa ameinama ameshika ubao wa kuuzibia.

2. Biva. Kwa wasomaji wa mjini: ni mnyama kama panya, ila ana uzito wa mbwa na mkia kama mwiko. Walipoona watu wanaziba mitaro, walikuja kuziba nao. Hawakualikwa, hawakujaza fomu, na walifanya kazi hata siku zisizokuwa Jumamosi. Waliuziba Mtaro wa Nne wakati kamati ingali inajadili aina ya mbao. Katika mkutano wa mwaka Zigrīda aliomba azimio la kuwashukuru, likapita kwa kura thelathini na moja dhidi ya moja, na watu wakawapigia makofi viumbe wasiokuwemo ukumbini. Mimi nimeishi hapa maisha yangu yote. Sijawahi kupigiwa makofi, na nilikuwemo.

Wiki iliyofuata biva wakautafuna mti wangu wa tufaha mpaka ukaanguka. Nilipokwenda kushtaki, Zigrīda akaniuliza, "Uliwahi kuufungia wavu kwenye shina?"

Nikasema hapana.

"Basi walidhani ni mchango wako."

3. Vyura. Kuanzia Aprili wanapiga kelele usiku kucha. Zamani nikikoroma Vizma alinipiga kiwiko nikageuka. Sasa hanisikii. Nakoroma mpaka asubuhi bila msimamizi na naamka koo limekauka. Nilipendekeza kamati ipunguze vyura kwa theluthi moja. Ombi langu liliandikwa katika kumbukumbu za mkutano chini ya "Mengineyo".

4. (Hili limefutwa na mke wangu, aliyeiona barua hii alipokuwa akitafuta miwani yake. Anasema mambo ya nyumbani hayapelekwi gazetini. Naheshimu uamuzi wake. Nalo pia lilihusu vyura.)

5. Njia yangu ya mkato kwenda dukani imezama, kwa hiyo nazunguka kilomita tatu kwa miguu, kwenda na kurudi sita. Matokeo yake shinikizo langu la damu limeshuka, na daktari amesema nisiende tena kila mwezi, niende mara moja kwa mwaka. Katika benchi la zahanati nilikuwa na marafiki wanne. Hivi sasa sijui ni nani mgonjwa na ni nani amepona.

6. Moto. Hili ni refu, Mhariri, nivumilie.

Tarehe kumi na tisa Aprili upepo ulikuwa mkavu, ukivuma kutoka magharibi. Gundars, yule wa kabichi, aliamua kuchoma nyasi kavu za mwaka jana, jambo ambalo sheria imelikataza na kila mtu humu kijijini amelikataza. Nilimwona nikiwa uani kwangu, nikamwambia aache. Akasema, "Nachoma kidogo tu, babu wee, kama sigara."

Sigara ile ilimponyoka. Kufumba na kufumbua ulikuwa ukuta wa moto wenye urefu wa mtu, unakuja upande wangu. Nyumba yangu ni ya magogo. Baba yangu aliijenga. Nyuma yake kuna banda lenye ng'ombe wawili wa Vizma. Zimamoto hutoka mjini, nao ni mwendo wa dakika arobaini barabara ikiwa nzuri, na barabara yetu haijawahi kuwa nzuri.

Lazima nieleze kwamba ninaujua moto wa mboji, ule udongo wa kinamasi ambao ukikauka huwaka kama kuni. Wakati mitaro yangu ilipokuwa ikifanya kazi vizuri, kiangazi kimoja moto uliingia ardhini. Haukuonekana, ulitambaa chini kama fuko, leo unafuka hapa, kesho pale, ukachoma mizizi na uzio na mizinga ya nyuki ya mama yangu, na ukaendelea mpaka theluji ilipoanguka. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote nilichokifikiri kiangazi kile. Sitakisema hapa pia, hili ni gazeti.

Basi siku ile Vizma aliwatoa ng'ombe. Mimi niliingia ndani kuokoa vitu vya thamani. Nilipotoka nilikuwa nimebeba saa ya ukutani na chupa ya matango ya siki. Cheti nilikisahau. Nilijaza ndoo nne, nikazipanga mstari mmoja, nikasimama mbele yake. Vizma akaja akasimama kando yangu na koleo lililoloweshwa maji. Niliinua ndoo moja, maji yakanimwagikia viatuni.

Moto ukafika pale Mtaro wa Saba ulipokuwa, pale ambapo sasa hakuna mtaro bali maji na ukoga mnene unaofyonza kama sponji. Ukasita. Ukafanya sauti kama ya kikaango kikitiwa maji. Moshi ukageuka mweupe, moto ukajaribu upande wa kulia, ukajaribu wa kushoto, kisha ukafa. Nilipima baadaye: hatua arobaini na moja kutoka banda la ng'ombe.

Nalalamika, Mhariri, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa. Ndoo nne zilijazwa bure. Zimamoto walipofika hawakukuta kazi, wakaketi kwangu wakanywa kahawa yote na kula matango niliyoyaokoa.

7. Zigrīda alikuja jioni ile na sufuria ya supu ya bitiruti. Aliiweka mezani, akamwangalia dada yake, akaniangalia mimi, akauliza kama tuna chumvi. Hakusema "nilikwambia". Nilingoja. Nilikuwa na majibu matatu tayari, mojawapo zuri sana. Kesho yake hakusema. Siku ya tatu nilikwenda mwenyewe mpaka kwake, nikasimama mlangoni ili apate nafasi ya kusema. Akaniambia, "Karibu, shemeji. Umekuja kuchukua sufuria au umeileta?" Sijawahi kutendewa ukatili wa namna hii na mtu wa ukoo.

Kwa hayo yote naomba, kupitia gazeti lako, wakubwa wa wilaya watekeleze yafuatayo: mitaro yote kumi na mmoja ifunguliwe, na kinamasi kirudishwe katika hali yake ya ukavu niliyokiacha nayo, biva waandikishwe kama wakazi na wapangiwe zamu ya kuzoa theluji barabarani kama sisi wengine, Gundars avuliwe heshima ya kabichi, na Zigrīda aagizwe kwa maandishi kusema "nilikwambia", mbele ya mashahidi wawili, ili nami nijibu na jambo hili liishe.

Nisalimie mafundi wa mtambo wa kuchapia, dada anayetunga chemshabongo (ya wiki iliyopita ilikuwa na kosa, nitamwandikia peke yake), na mpeleka barua wetu, ambaye najua ataisoma hii kabla yako. Vizma anakusalimu. Anasema usiichape.

Wako katika uvumilivu uliokaribia kwisha,

Ilgvars Krūklītis,
Mkaushaji

Tanbihi: Wakubwa wakikubali ombi langu na kuleta mashine, wasije kabla ya Septemba. Nyuma ya banda letu, majini, kuna korongo wawili na kinda lao moja. Sijaona korongo akilea hapa tangu nilipokuwa kijana, na kinda lenyewe lina mguu mzito, linajifunza kutembea polepole. Nimeweka kibao cha "Hakuna Kupita" na kila asubuhi nakaa pale na kigoda kumzuia mbwa wa Gundars. Na hata hiyo Septemba, dereva asiende moja kwa moja. Apite kwangu kwanza nimwonyeshe mitaro ilipo. Nitampeleka kwenye shamba la kabichi la Gundars, ambako hakujawahi kuwa na mtaro wowote, na nitamwambia achimbe.