Hapa Gari Zima

Fursa alikuwa akiuza vichujio vya maji ambavyo havikuchuja kitu isipokuwa mifuko ya watu, alipoona makalio mekundu ya gari yakichungulia chini ya turubai. Ilikuwa uani kwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mjane, aliyekaa barazani akisahihisha gazeti la asubuhi kwa kalamu nyekundu.

Fursa hakujua magari, lakini alijua mambo mawili. Gari lile lilikuwa la Kitaliano, la zamani, la aina ambayo matajiri huililia. Tena Mwenye Mabati, yule aliyeezeka nusu ya mji kwa bidhaa zake, alikuwa akilitafuta gari kama hilo kwa udi na uvumba, kwa kuwa shemeji yake alikuwa na la Kijerumani na hakuacha kulitaja. Mwizi wa kawaida huvunja mlango. Mstaarabu hupiga hodi.

"Shikamoo, Mwalimu. Hiyo maiti pale uani mtaizika lini?"

"Marahaba. Maiti gani?"

"Gari."

"Ah, la marehemu mume wangu hilo. Alilipenda sana. Mimi pia nalipenda, hasa likiwa limesimama."

Fursa akajitosa chini ya turubai, akagonga hapa, akanusa pale, akatoka na uso wa daktari anayetaka ndugu wa mgonjwa wakae kwanza. Kisha akaanza kutunga.

"Rejeta imetoboka, Mwalimu. Kutu imekula sakafu. Ukikanyaga breki kwa nguvu utakanyaga barabara. Nyaya zimechoka, utawasha taa ilie honi. Gia ya pili haiingii mpaka uibembeleze. Na oili, mama yangu, hili halinywi oili. Linaoga."

Yote hayo aliyatoa kichwani mwake, na aliona fahari kidogo kwa hilo la kuoga. Mwalimu alikuwa akiandika kila neno kwa mwandiko wa kupendeza.

"Sasa nifanyeje, mwanangu? Nina kliniki ya macho kila mwezi, na wajukuu wangu wanakaa mbali."

Fursa akatazama nje ya geti, kilipoegeshwa kigari chake cheupe. Hapa yafaa tumtendee haki. Kigari kile ndicho kitu pekee maishani mwake alichokinunua kwa jasho, enzi zile kabla jasho halijamchosha. Hakikuwa na sura ya kutazamwa mara mbili, lakini kiliwaka mara moja kila siku ya Mungu. Kwa mtu ambaye kazi yake humtaka aagane na wateja upesi, gari linalowaka mara moja ni roho. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga. Bahati mbaya Fursa alikuwa akitazama mbele.

"Tubadilishane," alisema kwa huzuni iliyopimwa vizuri. "Nichukue mimi tabu hii, wewe chukua kigari changu. Hakina tatizo hata moja. Hakijawahi kunilaza njiani. Akija mtu kukitaka, usikitoe chini ya bei ya kiwanja."

Mwalimu akayaandika hayo pia. Mwisho akaongeza, "Mabovu ya gari jekundu yamekaguliwa na kutajwa na mchukuaji mwenyewe." Wakatia sahihi nakala mbili.

Fursa alipokaa kwenye usukani, alikenua meno. Chini ya geji ya joto, marehemu alikuwa amebandika plasta na kuandika kwa herufi kubwa: HAPA GARI ZIMA. Mwenye mali mwenyewe ameshuhudia kwamba gari ni zima.

"Sasa hapo kwenye plasta," Mwalimu akaanza.

"Nimeshasoma, Mwalimu."

Gari likaunguruma kwa sauti tamu iliyowafanya mafundi seremala wa mtaa ule waache misumari. Fursa akashika njia ya kwa Mwenye Mabati. Kwenye mlima mshale wa joto ukapanda polepole hadi usawa wa plasta, na Fursa akafarijika kuona kwamba hata mshale unakubali. Ukapita plasta. Boneti likatoa mvuke, kitu kikapasuka ndani, na gari likasimama katikati ya barabara huku honi ikilia yenyewe.

Lilivutwa kwa kamba mpaka gereji. Fundi akainama, akaingia uvunguni, akatoka, akaiona ile karatasi ya mabovu kitini, akaisoma.

"Nani alikukagulia gari?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huyo ni fundi kwelikweli. Rejeta, kutu, nyaya, oili, yote yamo. Amekosea kidogo tu: na gia ya tatu pia haiingii. Nitafutie huyo mtu nimpe kazi."

Fursa akampokonya karatasi. "Kulitengeneza ni kiasi gani?"

"Spea zinaagizwa ng'ambo. Pampu ya maji, miezi miwili. Plagi ya nyuma kuifikia lazima nishushe injini."

"Na nikiliacha tu hivi?"

"Ukiliacha linaoza. Ukilitumia linakufa. Kaka, gari hili ni la mtu mwenye magari mengine mawili."

Fursa akarudi kwa Mwalimu kwa miguu, amefura. "Mmenidanganya. Marehemu ameandika kabisa kwamba gari ni zima."

"Zima hiyo ni kitenzi, mwanangu, si kivumishi," alisema Mwalimu kwa upole. "Ni amri. Mshale ukifika hapo, zima. Nilimwambia aweke mkato, akakataa. Alikuwa akilizima, anasoma gazeti nusu saa, halafu anaendelea. Alisoma magazeti mengi sana yule mtu."

Kesho yake Mwenye Mabati, aliyekuwa amepata habari, akatokea gereji, macho yamemtoka kwa wekundu ule. Fursa hakuthubutu kumdanganya, maana jamaa alikuwa na watoto wa kiume sita, wote wapakiaji wa mabati. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema kweli, yote, mpaka pampu ya maji.

Mwenye Mabati akacheka hadi akajifuta machozi. "Wewe Fursa, ukisema mvua inakuja watu wanaanika nguo. Una mteja mwingine, siyo?"

"Haki ya Mungu, mzee, gari ni bovu."

"Basi nalitaka hivyohivyo bovu." Akamsukumia mfuko uliojaa noti, akaagiza gari lipandishwe kwenye lori.

Fursa alikwenda mbio moja kwa moja kwa Mwalimu. Usiku kucha alikuwa amekiota kigari chake.

"Nakitaka, Mwalimu. Unakiuza kiasi gani?"

"Bei ya kiwanja."

"Mwalimu, kile nacho kina..."

Mwalimu akachukua karatasi safi, akafungua kalamu. "Kina nini? Sema, niandike."

Fursa akaitazama ile kalamu. Akaona injini ikipasuka, honi ikilia, fundi akitikisa kichwa. Akafunga mdomo, akaumimina mfuko wote mezani. Mwalimu akamkabidhi ufunguo, akapigia simu teksi ya kumpeleka kliniki, akamwambia dereva asiwe na haraka.

Kigari kikawaka mara moja. Fursa alilia hadi njia panda, maana hakikuwa na bovu hata moja la kulaumu.