Mwendo wa Misa Mbele ya Kamera

Leo aibu imenikuta nimevaa kaptula ya mtu, mimi mama mzima wa Kamalondo. Naandika mwenyewe kabla wengine hawajawaletea habari kwa namna yao.

Wengi wenu mnamjua binti yangu Noëlla. Alipozaliwa alichelewa kulia, ubongo ukaumia kidogo, na tangu hapo misuli ya miguu yake hukaza. Anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakigusana. Leo tulikuwa tumeitwa hospitalini kupimwa mwendo. Mtoto anabandikwa vitufe vinavyong'aa miguuni, anatembea mbele ya kamera, na kompyuta inachora kila kiungo. Kwa kufuata mchoro huo wanamtengenezea atele, yaani plastiki ngumu za kushika mguu ndani ya kiatu, kwa umbo lake peke yake.

Sasa mimi nilisikia "kupimwa" nikaelewa mtihani. (Nilisomeshwa na masista. Kwangu kila kitu ni mtihani.) Nikasema mtoto wangu hatakwenda kushindwa mbele za watu. Mnajua kwamba mimi ndiye ninayeongoza wasichana wanaocheza maandamano ya kuingia Misa. Basi wiki nzima, pale uani, nikamfundisha Noëlla mwendo wetu: hatua, tikisa, simama, hatua, tikisa, geuka. Alipendeza kweli. Nikajisifu.

Tukafika. Alitupokea mtaalamu wa viungo, hapa tunamwita kine, kijana mpole mwenye miwani, pamoja na wanafunzi wake. Akambandika Noëlla vitufe, akamwambia atembee hadi ukutani. Mtoto akainua kidevu, akanitupia jicho, akaanza. Hatua, tikisa, simama. Jasho lilikuwa linamtoka puani.

Kine akasogeza miwani. Akairudia picha. Akawaita wanafunzi wasogee.

"Mama Noëlla, mutoto anatembeaka hivi kila siku?"

"Kila siku, docta."

"Hii kiuno, miye sijaionaka kwa mutoto mwenye hii maladi. Kwenu kuko muntu mwingine anatembeaka vile?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Ni miye, docta. Iko ya famille."

"Ah, njo muzuri. Basi tukupime na weye."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikaenda nyuma ya pazia, nikavua liputa, kitenge changu cha kiunoni, nikapewa kaptula ya mwanafunzi mmoja mwembamba. Wakanibandika vitufe magotini. (Asubuhi nilikuwa nimempaka mafuta mtoto, mimi mwenyewe nikasahau. Magoti yalikuwa na vumbi la barabara yetu yote.) Kwa kuwa nilishadanganya, ilibidi niendelee. Nikatembea. Hatua, tikisa, simama. Kwenye skrini vijiti vya mifupa yangu vikawa vinacheza Misa. Mwanafunzi mmoja alianza kutikisa kichwa kwa mdundo bila kujua. Mimi nimekunja uso kama mgonjwa wa kweli. Nikafika ukutani, nikasimama.

Ndipo Noëlla, kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ya kunionea huruma:

"Mama, apa tunageukaka. Umesahabu."

Kine akapiga goti mbele ya mtoto.

"Noëlla, nani alikufundisha kutembea hivi?"

"Mama. Alisema nikitembea yangu, ntapata zéro."

(Katanga hii imejaa mashimo ya madini. Hakuna hata moja lililofunguka chini yangu.)

Wanafunzi walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Kine hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mama, atele tunaitengeneza kufuatana na mwendo yake. Kama tunapima densi, tutamupa atele ya densi. Itamuumiza, ataikataa, na miguu itazidi kukaza. Hii haina examen." Akamgeukia mtoto. "Noëlla, enda kwa mama vile unaendaka ku nyumba."

Akaja. Mwendo wake wenyewe, ule ninaouonea haya njiani tukikutana na watu. Kisha kine akaionyesha ile picha polepole, na mimi nikasogea kuitazama. Kisigino hakigusi chini hata mara moja. Mguu unakataa kupita, mtoto anainua nyonga ili upite, anatupa bega upande wa pili asianguke, halafu anaanza tena. Kila hatua.

"Angalia, mama," kine akasema. "Hii njia hakuna muntu alimufundisha. Ameitafuta yeye mwenyewe."

Nilishika mdomo. Miaka yote namwambia, "Tembea muzuri." Kumbe mtoto huyu, kwa miguu ile, amejibunia namna ya kufika kila anapotaka, na mimi nimekaa wiki nzima nikimfundisha kuificha. Niliona haya, lakini zaidi nilistaajabu. Nilimtazama kama mtu niliyejulishwa kwake leo.

Wakatoa kabatini atele za kujaribia, wakamfunga, wakamvisha viatu vipana. Akasimama. Visigino vikashuka taratibu mpaka sakafuni. Akapiga hatua, nikasikia "ko". Tangu azaliwe sijawahi kusikia kisigino cha Noëlla. Huwa ni mkwaruzo tu. Akajitazama chini, akanitazama mimi, macho yamemtoka.

"Mama, nimekuwa mufupi."

Nililia. Ndani ya kaptula, mbele ya wale wale.

Kisha wakamzungushia miguu bandeji za plasta ili kuchukua umbo lake. Plasta ilipopata joto akacheka. Walipoikata na kuitoa, nilichungulia ndani, nikaona alama ya kila kidole, hata kile kidogo kilichojikunja. Kutoka humo watatengeneza zake.

Wakati wa kuaga kine akaniomba kitu kimoja.

"Mama, ile picha yako, tunaweza kuichunga, tubakie nayo? Iko ya kufundishia banafunzi. Baone muntu muzima anatembeaka namna gani wakati anadanganya."

Nikakubali. Kwa uso gani ningekataa? Kwa hiyo Jumapili, nikiingia na wasichana wangu, mkiona vijana wageni, wale wanafunzi wake, wamekaa benchi la mbele wananiangalia kiuno, nawaomba ninyi mtazame altare.