Namba ya Moja Sita

Kuna watu wakiona gari la chakula wanaona chakula. Ottmar Pütz aliona namba ya simu.

Alikuwa amesimama mtaa wa Nippes, mjini Köln, Ujerumani, kwenye foleni ya chapati za viazi za Bibi Billa Kürten. Suti imenyooshwa mpaka inatisha, viatu vinang'aa, mfukoni upepo mtupu. Akainua macho. Juu ya dirisha la gari, kwa rangi nyekundu iliyobabuka, paliandikwa namba ya kuagizia inayoishia na moja sita mfululizo: 111111.

Mate yakamjaa, na si kwa sababu ya viazi.

Maana watu wa Köln, ambao wana kanisa kubwa na majivuno makubwa zaidi, hupoteza akili zote mbele ya kumi na moja. Baraza la wapumbavu la kanivali, sherehe yao ya vinyago na mizaha, lina watu kumi na mmoja. Msimu unafunguliwa tarehe kumi na moja, mwezi wa kumi na moja, saa za ukutani zikisoma 11:11, na hapo watu wazima wenye mikopo ya nyumba huvaa pua nyekundu na kulia kwa furaha. Moja sita kwa mkupuo! Ni kama kumwonyesha fisi bucha lisilo na mlango.

Fisi mwenyewe Ottmar alimjua: Gangolf Esser, muuza vigae vya bafuni na rais wa chama cha kanivali, mwenye kofia ya manyoya marefu kuliko fikra zake.

"Moja sita?" Gangolf aliuliza, akikitua kigilasi cha bia. "Unazo wewe?"

"Mheshimiwa Rais, hesabu kwamba ziko mfukoni."

"Nataka ilie mkononi mwangu, jukwaani, siku ya ufunguzi, wale washamba wa chama cha ng'ambo ya mto wakiona!"

"Euro elfu tatu tu, kwa vile ni wewe."

"Elfu tatu, ikishalia. Kabla ya hapo hupati hata povu la bia."

Ottmar akarudi Nippes mbio. Sasa tumtazame huyo Bibi Billa kabla hamjaanza kumwonea huruma. Mjane, mikono kama ya mpiga makasia, na rojo lake la tufaha lilikuwa maji yaliyowahi kupita jirani na tufaha.

"Mama Kürten," Ottmar alianza, sauti imepakwa siagi, "hii simu yako, wanakukamua kiasi gani kwa mwezi?"

"Usinitonese kidonda, mwanangu. Mkwe wangu Detlef, yule wa Düsseldorf, kanisainisha pakiti ya familia. Laini yangu, yake, na za mabinti zake watatu wasiojua kuweka simu chini. Miaka miwili, na ndiyo kwanza mkataba umeanza kutambaa! Nikiomba kuuvunja, wananiambia lipa mpaka mwisho."

"Düsseldorf!" Ottmar alitema jina la mji huo hasimu kama mfupa wa samaki. "Watu wanaokunywa bia nyeusi utawaamini vipi? Sikiliza, Mama. Mimi kazi yangu ni kuwatoa watu kwenye mikataba. Hamishia pakiti jina langu. Mimi naihamisha namba kwenda kampuni nyingine, laini ya kulipia kabla, bei ya karanga. Kisha nakurudishia."

"Na wateja wangu? Siku ya ufunguzi nusu ya mji inaagiza kwa namba hiyo. Ikipotea, mimi nimekwisha."

"Itakuwa mkononi mwako kabla viazi havijapoa."

"Na laini za akina Detlef?"

"Namba kuu ikihama, mkataba unakufa wenyewe, na mkia wake wote."

Bibi Billa alimtazama kama anavyotazama gunia la viazi linalouzwa rahisi mno. "Una hakika?"

"Mama, mimi nimezaliwa ndani ya mikataba!"

"Basi shika sahani hii. Na rojo nimekuongezea. Bure."

Bure! Kwa Billa Kürten! Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu gari lile liwe na magurudumu, na mtu mwenye chembe ya akili angeitupa sahani akakimbia. Ottmar akala, akalamba na vidole.

Kesho yake wakaenda duka la kampuni. Bibi alikuja na kalamu yake mwenyewe, asije akacheleweshwa. Pakiti nzima ikaingia jina la Ottmar Pütz, naye akasaini akipiga mluzi na kuipachika laini ya Bibi kwenye simu yake. Kutoka hapo akaruka mpaka duka la kampuni ya pili, ambako binti mmoja alikuwa akitafuna bazoka.

"Namba ihame sasa hivi, au mkataba wa zamani ukiisha?"

"Sasa hivi! Ufunguzi ni wiki hii."

"Sawa, ila ule mkataba wa zamani bado—"

"Binti, mimi nilikuwa nahangaika na mikataba ya watu wewe ukiwa unanyonya."

"Haya, kaka," binti akasema, akabonyeza. Bazoka ikapasuka.

Siku ya ufunguzi uwanja ulijaa mpaka njiwa wakakosa pa kutua. Gangolf alikuwa jukwaani na manyoya yake, laini mpya ndani ya simu. Saa ikasoma 11:11. Umati ukanguruma salamu ya kanivali, "Kölle Alaaf!" Na simu, kwa adabu zote, ikalia.

Gangolf akaisogeza kwenye kipaza sauti, machozi yakimlengalenga.

"Haloo! Chapati kumi na mbili," sauti ikatangaza uwanja mzima, "na usiniletee zilizoungua kama mwaka jana!"

Kicheko kikavunja safu. Akakata. Ikalia tena: benki inataka arobaini. Ikalia tena: ofisi ya meno, na rojo lisiwe maji. Chini ya jukwaa, wale washamba wa ng'ambo ya mto walikuwa wametoa simu zao na wanapiga kwa zamu, huku wakimpungia mkono.

"Imelia, Mheshimiwa," Ottmar alinong'ona. "Elfu tatu."

"Imelia? Ilinyamaza lini! Niondoleeni shetani huyu!"

Gari la Bibi Billa, kwa bahati iliyopangwa vizuri sana, lilikuwa limeegeshwa kando ya jukwaa. Bibi mwenyewe alikuwa amevaa pua nyekundu. "Nipe mimi, Rais wangu. Nikupunguzie aibu."

Gangolf akaichomoa laini na kumtupia kama kaa la moto. Bibi akaipachika kwenye simu yake na kupokea oda iliyofuata bila hata kupumua. Laini ya kulipia kabla, bei ya karanga, kama alivyoahidiwa.

"Na hela yangu?" Ottmar aliuliza.

"Tulisema ilie mkononi mwangu," Gangolf akasema, akipangusa manyoya. "Sasa hivi inalia mkononi mwa nani?"

Ottmar akashuka jukwaani. Akajituliza: angalau sikupoteza kitu. Hapo mfukoni mwake pakatetemeka. Ilikuwa laini ya ule mkataba wa zamani, aliyodhani ni maiti.

"Bwana Pütz? Detlef hapa, Düsseldorf. Kampuni imetutumia ujumbe kwamba mwenye pakiti yetu sasa ni wewe, na kwamba hii ndiyo namba yako mpya."

Namba mpya, isiyo na moja hata ya dawa.

"Pakiti gani? Si imekufa!"

"Nani kakudanganya? Iliyohama ni namba. Mkataba uko palepale mpaka miaka miwili iishe, na bili ni yako. Ehe, mabinti wanalalamika, intaneti inaisha haraka. Tuongezee kidogo, mjomba."

Ottmar akageuka polepole kuelekea gari la chakula. Bibi Billa alikuwa amekwisha kumjazia sahani.

"Karibu, mwanangu. Nikuongezee rojo?" Akainua upawa. "Ila leo unalipia."