Nzi Hawadanganyi

Jumapili, 13 Julai

Mtaa wetu umekosa akili. Si tusi, ni matokeo ya utafiti. Leo asubuhi, kwenye kibanda cha kahawa cha Mbak Yayuk, watu wazima tisa wamekubaliana kwamba mchele utaadimika, kwa sababu binamu ya mtu fulani kasikia kwa dereva wa lori. Hakuna aliyeuliza dereva yupi!

Nimeamua kuwaokoa. Jumapili ijayo tunachagua mwenyekiti wa mtaa, mtu wa kusimamia nyumba zetu arobaini. Mimi, Darmaji, karani mstaafu wa ofisi ya ardhi, nitasimama kama mgombea wa akili. Mpinzani ni mmoja tu, Pak Kuncoro, mwalimu mstaafu anayeshinda akiwapigia mluzi njiwa wake. Watu wanampenda. Nimewauliza sababu, wakasema ni mtu mzuri. Eti hiyo ni hoja.

Nimeandika maswali matatu kwenye ubao na kuupigilia misumari kibandani. Nani kasema? Umejuaje? Nani ananufaika? Mbak Yayuk ameomba niusogeze kidogo, unaziba bei ya ndizi za kukaanga. Nimekataa. Ukweli kwanza, ndizi baadaye.

Jumanne, 15 Julai

Nimepita nyumba kwa nyumba. Nyumba thelathini na nane, ukitoa yangu na ya Kuncoro. Kila mlango nimeeleza faida za kutumia akili, nikauliza kama wataniunga mkono. Wote wamesema inggih, ile ndiyo yetu ya heshima, huku wameinamisha kichwa. Thelathini na nane kwa thelathini na nane! Sijawahi kuona takwimu safi namna hii.

Mke wangu Wening hakufurahi. Alikuwa anachambua mboga.

"Baba Tiwi," akasema, "mama yako nilimwambia inggih miaka ishirini. Kuna siku niliwahi kukubaliana naye?"

Nikamweleza kwamba hizo ni hisia, mimi nina hesabu. Jioni nimesikia Kuncoro naye alipita juzi, naye kapata thelathini na nane. Maskini, wamemdanganya. Nimemwonea huruma.

Jumatano, 16 Julai

Mungu humpa anayejituma. Saa mbili asubuhi simu imelia. Ujumbe kutoka kwa shemeji yangu wa Surabaya, naye kaupata kwa mtu mwingine: tofu ya siku hizi, lile jibini letu la soya, inatiwa dawa ya kuhifadhia maiti isiharibike. Dalili yake, nzi hawatui juu yake.

Nikatoka mbio hadi mwisho wa kichochoro kwa Bu Muntiyah. Mjane huyu amekuwa akikamua soya na kutengeneza tofu tangu kabla sijaoa. Halafu ni dada yake Kuncoro. Nikachungulia sinia lake, huku yeye akilipungia kitambaa. Hakuna hata nzi mmoja!

Mimi si mtu wa kukurupuka. Nimejiuliza maswali yangu yote. Nani kasema? Ujumbe. Umejuaje? Nimeusoma. Nani ananufaika? Hili nimeliruka, muda ulikuwa umekwenda. Nikautuma kwenye kundi la mtaa, na chini yake nikaongeza sentensi moja tu: Wenye akili watajua ni nani.

Alhamisi, 17 Julai

Wametambua haraka kuliko nilivyotarajia. Mbak Yayuk amerudisha tofu yote ya jana. Mwenye duka la pembeni kasema mteja akiuliza, hajawahi kuuza. Saa tano masinia ya Bu Muntiyah bado yamejaa, yeye kakaa pembeni yake na kitambaa mkononi.

Saa sita akaja getini kwetu. Akavua ndala, hakuingia.

"Pak Darmaji, nimekukosea nini?"

Nikamweleza kwamba hakuna jina lililotajwa.

"Halikutajwa. Ila tangu jana watu wanapita mlangoni kwangu wanatazama upande mwingine. Ile tofu ndiyo aliyoniachia mume wangu. Sina kazi nyingine."

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Nikahisi kitu kinanichoma kifuani. Nikakichunguza kwa utulivu, nikahitimisha kuwa ni pilipili ya mchana. Nikamwahidi haki: Jumamosi, mbele ya watu wote, tutapima kwa sayansi. Akasema inggih, akavaa ndala zake.

Kumbe Wening alikuwa nyuma ya pazia. Chakula cha jioni nimekula peke yangu.

Ijumaa, 18 Julai

Maandalizi. Nimeazima meza ndefu na kuandika hotuba ya ushindi, kurasa nne. Jumamosi ya kesho katika kalenda yetu ya siku tano za soko ni Pahing, na mimi nimezaliwa Pahing. Kwa hiyo ni siku yangu ya bahati. Hilo halihusiani na chochote, nimeliandika kwa kumbukumbu tu.

Jua ni kali mno wiki hii. Nitapeleka feni yangu kubwa ya kusimama, watu wasitokwe jasho wakati wa ukweli. Mgombea lazima awajali watu.

Jumamosi, 19 Julai

Siku mbaya.

Ilianza vizuri. Watu zaidi ya sitini kibandani, feni inapuliza juu ya meza, sahani ya tofu ya Bu Muntiyah katikati. Dakika kumi. Ishirini. Hakuna nzi! Minong'ono. Bu Muntiyah kasimama karibu na nguzo, macho chini. Nikatoa hotuba mfukoni. Nilikuwa ukurasa wa pili, penye neno "mwanga", Kuncoro alipokuja taratibu akaweka kitu mezani. Pande la fenesi bivu, linachuruzika utamu. Akarudi kukaa.

Tukaangalia fenesi. Dakika tano. Hakuna nzi.

Sauti ikatoka upande wa wanawake. Sauti ninayoifahamu kwa miaka thelathini na moja.

"Na fenesi nalo limetiwa dawa ya maiti, Baba Tiwi?"

Wening akaja mbele, akachomoa waya wa feni.

Nzi wa kwanza akaja. Kisha ukoo mzima. Wakaanzia kwenye tofu, tena kwa hamu. Mmoja akatua puani mwangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee mmoja wa nyuma akasoma ubao kwa sauti, polepole, anatafuta herufi: nani kasema? Watu wakanigeukia. Umejuaje? Nikakohoa. Nani ananufaika? Hapo Mbak Yayuk akacheka hadi akaketi chini.

Bu Muntiyah hakucheka. Alifuta macho kwa kile kitambaa, akachukua sahani yake. Watu wakamfuata hadi kwake wakinunua, wengine mara mbili, kwa aibu.

Jumapili, 20 Julai

Uchaguzi. Sisi hatupigi kura, tunakaa mkekani hadi tukubaliane. Nikasimama, nikawakumbusha wale thelathini na wanane ahadi yao. Wakatabasamu kwa heshima kubwa.

Kuncoro akajitoa. Akasema mwenyekiti awe mtu anayejua uvumi unaumaje, akamtaja dada yake. Mara sote tukawa tumekubaliana. Sote, kasoro mmoja, ambaye naye alisema inggih.

Agizo la kwanza la Bu Muntiyah: mwenye habari mbaya ya jirani asiitume kundini kabla hajabisha hodi kwake akamuuliza uso kwa uso. Watu wameona ni busara. Mimi naona halina takwimu.

Jumatatu, 21 Julai

Wening kanishikia mlango: nenda kaombe radhi. Nimekwenda. Bu Muntiyah alikuwa anachuja soya. Nimemweleza kwa saa nzima kwamba mbinu ilikuwa sahihi, matokeo ndiyo yalikosea. Akasikiliza mpaka mwisho, akanifungia vipande sita kwenye jani la mgomba. Nilipotaka kulipa, akakataa. Hapo ile pilipili ikanichoma tena, na leo sikuwa nimekula kitu.

Nyumbani Wening akavikaanga, akaniwekea mbele. Akaniuliza, kwa upole safari hii, nimejifunza nini katika haya yote.

Nimefikiri kwa kina, kama inavyompasa mtu wa akili. Nikamjibu ukweli wangu wote: feni ilipaswa ielekezwe kwenye tofu peke yake, fenesi liachiwe nzi.